Dagaa wa Kigoma Wanajulikana, Muuzaji Hajulikani: Mambo Tisa ya Kugawa Bure Mtandaoni

Ingia soko lolote kubwa la Dar es Salaam uliza dagaa. Kabla hujatajiwa bei utaambiwa, "Hawa wa Kigoma, mama," na hapo bei imeshapanda. Jina la mkoa peke yake linauza. Sasa uliza dagaa hao ni wa nani: nani aliwapokea alfajiri pale mwaloni Kibirizi, nani aliwaanika, nani alishona gunia? Hakuna ajuaye. Mkoa una jina, mawese yana jina, migebuka ina jina, hata reli iliyofika hapa mwaka 1914 imetuachia jina la Mwisho wa Reli. Mwenye mali ndiye pekee asiye na jina.

Nasi tunajitetea kwa methali: kizuri chajiuza. Ni kweli kinajiuza, ila anayehesabu hela ni mtu mwingine. Anayefaidi zaidi ni yule aliyesimama karibu na mnunuzi wa mwisho, na siku hizi kusimama hapo hakudai upange fremu Kariakoo. Kunadai simu, bando, na kitu cha bure ambacho anayekipokea atapenda kumtumia shangazi yake. Nasisitiza shangazi. Hakuna mtu anayemtumia shangazi yake tangazo. Anamtumia kitu kitakachomfaa.

Nimeyapanga mambo tisa kwa kuhesabu kurudi nyuma, kuanzia lile jepesi hadi lile ambalo ukilifanya hilo moja tu, manane mengine nitakusamehe.

9. Andika bei, ndugu yangu

"Bei njoo inbox." Mtu yuko Tabora, hela yake iko mkononi, ameona galoni la mawese, anataka tu kujua kama hela inatosha. Wewe unamwita pembeni kana kwamba mnapanga mahari! Ataenda kwa aliyeandika.

Tengeneza kadi ya bei ya wiki. Iwe picha moja tu: dagaa kwa kilo, kwa sado, kwa gunia, mawese kwa lita na kwa galoni, nauli ya mzigo kwa basi hadi Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Itoe siku ile ile kila wiki. Mama lishe atamtumia mwenzake, mwenye duka la jumla atamtumia mteja wake, na namba yako inasafiri nayo. Unaogopa washindani wataiona bei yako? Wameshaijua. Mlinunua kwenye mtumbwi mmoja.

8. Achana na "laiki, shea, tagi marafiki kumi"

Shindano la kushinda kitenge linaleta watu wengi kwa haraka, na wote wamekuja kwa kitenge kimoja. Mshindi akitangazwa mmoja anashangilia, waliobaki wamenuna, na ukurasa wako unarudi kimya. Umepoteza kitenge na umejinunulia manung'uniko.

Kitenge hicho hicho kitakufanyia kazi zaidi kikibaki dukani. Kishike mbele ya kamera, kigeuze, onyesha kwamba kitenge cha wax halisi rangi imeshika pande zote mbili, kisha chukua kile cha kuchapwa upande mmoja uonyeshe nyuma yake palivyofifia. Sema bei ya kila kimoja na kinamfaa nani. Kigoma watu hujia vitenge kutoka mbali, na wengi wao hununua kwa macho tu. Video hiyo inamfaa kila aliyeitazama, hata kama hakushinda chochote.

7. Jina likae ndani ya picha

Picha yako ikiwa nzuri itachukuliwa. Wataikata pembeni, watafuta maandishi ya chini, watairusha kwenye magrupu yao. Usigombane nao, wanakufanyia kazi bila mshahara. Wewe hakikisha tu kwamba jina la biashara, namba ya simu na neno Kigoma vimekaa juu ya mali yenyewe, mahali ambapo anayetaka kuvikata itabidi awakate na dagaa.

Kuna funzo hapa hapa ziwani ambalo wengi wetu hatulijui. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wanaishi samaki wa rangi ambao kwetu hawana sifa ya dagaa wala migebuka. Ulaya na Marekani watu huwafuga sebuleni kwenye matangi ya kioo, na huwatambua kwa jina la mahali walikovuliwa. Yuko Tropheus duboisi wa Maswa. Yuko frontosa wa Kigoma, yule mwenye michirizi saba mwilini, ambaye mfugaji huwa mwangalifu asimchanganye na frontosa wa pwani nyingine. Wafugaji hawa hupeana bure picha, maelezo ya chakula, joto la maji na namna ya kuwazalisha, na maelezo ya samaki hao yanabeba jina la mahali pa ufukweni kwetu. Mtu wa Stockholm ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania anatamka Maswa bila kusita.

Jina la mahali halikubandikwa pembeni ya samaki. Limekuwa sehemu ya jina lake. Basi na wewe usiuze "asali safi" wakati ni asali ya Kibondo, wala "chumvi" wakati ni chumvi ya Uvinza, wala "dagaa" wakati ni dagaa wa Kibirizi walioanikwa kwenye kichanja na wewe mwenyewe.

6. Jua na upepo havina urafiki

Ziwa ni zuri lakini linapiga kelele. Ukirekodi ufukweni, upepo utameza maneno yako yote na mteja atasikia mngurumo tu. Upe upepo mgongo, simu iwe kifuani, na sema kwa sauti ya kuita mtumbwi.

Kuhusu mwanga, sisi tuko ufuko wa mashariki, na jua letu linazama nyuma ya milima ya Kongo. Maana yake ni kwamba jioni ukimsimamisha mtu na ziwa nyuma yake atatoka kivuli kitupu, hana macho wala tabasamu. Asubuhi mambo yanageuka: jua liko mgongoni kwa mpiga picha, ziwa linang'aa buluu, dagaa wanameta. Piga asubuhi. Jioni acha kwa wapendanao.

Video iwe fupi. Anayeitazama analipia bando.

5. Sema Kiswahili, na usiogope kutumia sauti

Naona biashara ya Mwanga, hapa hapa mjini, imejitangaza kwa Kiingereza kirefu chenye maneno ya hotelini, na wateja wake wote wanatoka Kasulu. Kaka, unamwandikia nani? Angalia ramani. Ziwa hili lina nchi nne, na upande wa pili wako watu wa Kalemie, Moba, Baraka na Uvira wanaozungumza Kiswahili kuanzia asubuhi hadi usiku. Panda kaskazini hadi Bujumbura, ukifika Buyenzi utadhani hujatoka Ujiji. Klipu ya Kiswahili inavuka mipaka hiyo bila pasi ya kusafiria.

Na isiwe maandishi tu. Mteja wako anapika, anaendesha bodaboda, anapalilia. Wengine kusoma kunawachosha. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, ukisema bei, mali iliyofika na siku ya basi, unasikilizwa hata jikoni. Na sauti hubeba kitu ambacho maandishi hayakibebi: mtu anajua anaongea na binadamu wa Kigoma. Anza kwa salamu ya Kiha kama ni yako. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu, wakiwamo Diamond Platnumz, Ali Kiba na Mwasiti, walitoa pamoja wimbo uitwao Leka Dutigite. Jina ni la Kiha, na uliimbwa nchi nzima na watu wasiojua Kiha hata neno moja. Watu hupenda kusambaza kitu chenye kwao ndani yake, na hata asiye wa kwao hukipokea.

4. Wenye nyumba za wageni, mmekalia hadithi

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Ujiji akimtafuta David Livingstone, akamkuta. Mwaka 1872 kitabu chake kilikuwa kimeshatoka. Gazeti liliuza, mwandishi aliuza, mchapishaji aliuza. Ujiji ikabaki na mwembe. Leo jina la Ujiji limo kwenye vitabu vya historia dunia nzima, jumba la kumbukumbu lipo, miembe iliyotokana na ule wa zamani ipo, na bado mgeni akitafuta mtandaoni namna ya kufika anaelezwa na mtu wa London aliyepita hapa mara moja. Hili linaniuma kweli.

Huo ni mwanzo tu. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba. Gombe, kaskazini ya mji, ndiko Jane Goodall alikofika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Alipofariki Oktoba 2025, dunia ilimzungumzia kwa siku nyingi, na Gombe ikatajwa katika taarifa nyingi. Ni nyumba ngapi za wageni za Kigoma zilikuwa na ukurasa mmoja tayari wa kumwambia mtu afikaje?

Andika ukurasa huo. Faili moja jepesi, la Kiswahili na jingine la Kiingereza, lenye majibu: jumba la kumbukumbu la Ujiji liko wapi, mitumbwi ya Kibirizi inayokwenda vijiji vya kaskazini na kupita Gombe huondoka saa ngapi na siku gani haisafiri, mgeni abebe nini, migebuka ya kukaanga aile kwa nani. Hapo kwa nani ndipo penye utamu. Mtaje mama lishe wa jirani. Mtaje fundi wa mitumbwi, dereva wa bajaji, muuza kahawa. Kila uliyemtaja atalisambaza faili hilo kwa watu wake kwa sababu yumo ndani, na jina la nyumba yako liko juu ya kila ukurasa.

Unadhani hiyo ni kuwafanyia wengine biashara? Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilikuwa ikiuza matairi. Mwaka 1900, wakati magari yalikuwa machache mno, ilichapa nakala 35,000 za kitabu kilichomwonyesha dereva pa kutengenezea gari, pa kula na pa kulala, ikazigawa bure. Hoteli zile hazikuwa zake, lakini dereva akisafiri zaidi tairi linaisha. Kitabu hicho kilianza kuuzwa miaka 20 baadaye, na leo wapishi wa dunia wanalilia kutajwa ndani yake. Mgeni akikaa Kigoma siku tatu badala ya moja, atalala wapi kama si kwako?

3. Onyesha mikono ikifanya kazi

Ufukweni Ujiji mafundi wanaunda mitumbwi ya mbao. Weka simu mahali pamoja, rekodi kwa vipande tangu mbao ya kwanza hadi chombo kinapoingia majini, unganisha iwe dakika moja. Atakayeitazama hatanunua mtumbwi, lakini atamtumia mjomba wake wa Kirando ambaye anautafuta.

Mawese vivyo hivyo. Wengi wanaoyala hawajawahi kuona yanavyotengenezwa: mkungu unakatwa, chikichi zinapukuchuliwa, zinachemshwa hadi zilainike, zinapondwa, zinakamuliwa, kisha mafuta yanachemshwa tena hadi maji yaishe. Kokwa haitupwi, ndani yake ndimo inamotoka mise, na mise inakwenda kwenye sabuni. Hiyo peke yake ni klipu sita, kila moja ina moshi wake, sauti yake na rangi yake. Ile rangi ya mawese yakimiminwa juani haihitaji kurembwa kwa programu yoyote.

Najua utakachosema: nikionyesha kazi wataniiga. Waige! Aliyetazama klipu yako akiwa Kinondoni hana shamba la michikichi nyuma ya nyumba.

Na usingoje vifaa. Mwaka 2021 kijana wa Kimaasai anayejulikana kama Kili Paul na dada yake Neema walianza kuigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo, wakiwa kijijini kwao, wamevaa lubega, nyuma yao majani na ng'ombe. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpongeza Kili rasmi, na Waziri Mkuu wa India akawataja yeye na dada yake katika hotuba yake ya redio. Walitumia simu na nyumbani kwao. Nyumbani kwako pana ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Unasubiri nini?

Neno moja zito hapa. Ukirekodi watu wengine, waombe kwanza. Wanawake wanaoanika dagaa si mapambo ya video yako, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, sura ya mtu ina ulinzi. Watoto waache kabisa. Mwenye kukubali mpe nakala yake; atakuwa wa kwanza kuisambaza.

2. Kalenda ya giza na mwezi

Hili nalipenda kuliko yote, na nimeliweka la pili kwa uchungu.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola, lakini kazi ni ile ile: kukiwa na giza, mwanga wa taa unawavuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu. Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, mali inapungua, bei inapanda. Giza likirudi, mitumbwi inajaa na bei inashuka. Kila mtoto wa Kibirizi anajua hivyo. Mteja wako wa Dodoma hajui. Yeye anachoona ni kwamba wiki jana ulimuuzia bei hii, wiki hii umepandisha, na moyoni ameshakuita tapeli.

Mtengenezee kalenda. Picha moja ya mwezi mzima: siku za giza zipake rangi moja, siku za mbalamwezi nyingine. Chini andika kwa ufupi kwa nini bei hupanda na kushuka, na siku gani ni nzuri kuagiza. Juu jina lako, namba yako, Kibirizi, Kigoma. Hesabu yake si ngumu. Ujiji wanaufuata mwezi kwa ajili ya Ramadhani miaka yote, wazee wataikagua kwa macho tu.

Fikiria inavyosafiri. Mama lishe anaihifadhi kwa sababu inamsaidia kupanga hela. Mwenye duka la jumla anawatumia wauzaji wake wa rejareja ili wasimlaumu yeye. Mpishi wa shule ya bweni anaipeleka kwa mhasibu. Watu wa kukata tiketi za basi wanaibandika ukutani, maana na wao wanataka kujua lini mizigo itakuwa mingi. Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kalenda inakaa kwenye simu mwezi mzima, na mwezi ukiisha mtu anakutafuta mwenyewe: "Dada, ya mwezi huu iko wapi?" Siku ukiulizwa hivyo, biashara yako imepata jina.

Na kalenda haitegemei kuwa na mali. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Ni miezi mitatu. Ziwa likifungwa namna hiyo, mwenye kujua kuposti picha ya mali tu anabaki hana cha kusema, na mteja anahamia dagaa wa Ziwa Victoria. Mwenye kalenda anaendelea kuongea: ziwa linafungwa lini, kwa nini, weka akiba kiasi gani, dagaa wakavu wahifadhiwe vipi wasiliwe na wadudu, siku ya kufunguliwa ni hii, weka oda yako mapema. Mali hakuna lakini maarifa yapo, na mteja amebaki.

1. Jibu lile swali unaloulizwa kila siku

Unalijua. Linakuchosha. Umelijibu mara nyingi hadi umeanza kulijibu kwa kifupi na kwa ukali.

"Mama, mawese uliyonitumia yameharibika, yameganda!" Huyo ni mteja wa Mbeya au Njombe mwezi wa sita. Mawese huganda kwenye baridi, ndiyo asili yake, na hapo hayajaharibika hata kidogo. Badala ya kumwandikia kila mtu peke yake, chukua chupa iliyoganda, iweke kwenye sufuria ya maji ya moto, rekodi yanavyoyeyuka na kurudi ile rangi nyekundu ya machungwa. Sema: yameganda kwa baridi, weka hivi, subiri kidogo, mimina. Video ya nusu dakika. Kila mla mawese anayeishi nyanda za baridi atawatumia wenzake, pamoja na wateja wa washindani wako ambao washindani wako hawakuwaeleza. Tangu serikali ianze kusukuma kilimo cha michikichi Kigoma mwaka 2018 watu wengi zaidi wanayaulizia mawese, na anayeuliza kwa mara ya kwanza humwamini aliyemjibu kwanza.

Swali la pili: "Hawa dagaa wana mchanga?" Hapa ndipo unapojenga au kubomoa jina lako. Chukua mabakuli mawili meupe ya maji. Tia kiganja kimoja cha dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga, na kingine cha walioanikwa kwenye kichanja. Koroga kidogo kwa mkono, acha vitulie, watoe dagaa, kisha inamisha bakuli polepole kuelekea kamera. Kwenye la kwanza mchanga utajikusanya chini, kila mtu auone. Kwenye la pili maji yatabaki na magamba machache yanayoelea. Usiseme neno mpaka hapo. Kisha sema bei ya hawa na bei ya wale, na kwa nini zinatofautiana: kichanja kina gharama ya mbao na wavu, na kazi ya kuwageuza.

Na kama wewe mwenyewe unauza wote wawili, sema. "Hawa wa mchanga ninao, bei yao ya chini, waoshe kwa maji mengi mara tatu kabla ya kupika." Mtu akikusikia ukisema kasoro ya mali yako mwenyewe, siku utakaposifu atakuamini. Anayeficha mchanga atauza gunia moja. Anayeuonyesha atapigiwa simu na mtu asiyemjua, ameipata video kwa shemeji yake, naye shemeji ameipata kwenye grupu la msikitini.

Swali la tatu ni la mapishi, na usidhani ni dogo. Nchi hii imejaa watu walionunua mawese kwa hamu na hawajui wayafanyeje. Waonyeshe sombe: majani ya muhogo yaliyotwangwa, njugu, mawese mwishoni. Waonyeshe dagaa wanavyokaangwa bila kuvunjika vichwa, na ugali wa muhogo unavyosongwa usiwe na mabonge. Mwite mama yako mzazi kama mkono wake ndio mtamu, aongee yeye. Aliyejifunza kupika kwako atanunua kwako, kwa sababu kila akifungua kopo anaisikia sauti yako.

Basi leo usiku fungua simu yako, pitia jumbe za wateja, andika maswali matatu yanayojirudia zaidi. Kesho kabla jua halijapanda chukua lile la kwanza, upe upepo mgongo, lijibu kwa Kiswahili chako, weka jina, namba na Kigoma katikati ya picha, andika bei, kisha watumie wateja wako na uwaombe kitu kimoja tu: wamtumie mtu mmoja anayelihitaji jibu hilo.